Inchi Nne za Kiti cha Askofu

Karakana, 14 Januari

Mdogo wangu Sista,

Hapa wote wazima, aliyechafuka ni mimi. Natumaini kifua chako kimetulia na baridi ya huko imepungua makali. Mama hajambo. Goti linamsumbua kwenye ngazi, lakini mdomo hauna goti, kwa hiyo kazi zake zote siku hizi anazifanya kwa mdomo. Wifi yako anasema sweta ulilomfumia limefika, limembana, ila analivaa kwa heshima ya utawa. Karakana inakwenda. Randa ya umeme iliungua waya, nimeitengeneza mwenyewe, fundi umeme alitaka kuniibia mchana kweupe.

Sasa nikuambie kilichonifanya niache nyundo nishike kalamu. Wametuletea Askofu mgeni.

Tuliitwa Kanisa Kuu kabla ya saa sita mchana, kengele ikagongwa, tukajaa mpaka mlangoni. Unajua hali ilivyokuwa. Tangu Askofu mzee astaafu, ndugu yetu Padre ndiye Msimamizi wa Jimbo. Ameziba paa la seminari, amepatanisha maparoko waliokuwa hawasalimiani, ameendesha jimbo bila Askofu na watu hawakuona tofauti. Nani asiyejua nani anafuata? Mwenyekiti wa walei alikuja na koti lake la harusi. Kwaya walikuwa na wimbo wa shangwe tayari, sauti nne. Mama tulimweka mstari wa kwanza, juu ya mto, maana tulijua ataingia akiwa mama wa Padre na kutoka akiwa mama wa Askofu.

Padre wetu akatoka sakristia na karatasi. Akavaa miwani. Akasoma jina.

Sista, nilisikia feni za juu zikizunguka. Halikuwa jina lake. Halikuwa jina la mtu yeyote tunayemjua. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshainua mikono, akaishusha polepole kama mtu anayetua trei ya glasi. Na Mama, kwa lile sikio lake bovu, akauliza kwa sauti: "Amejitaja?"

Katekista akamwinamia. "Hapana, Mama. Ni mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Wa jimbo la mbali huko."

"Sasa kaja kufanya nini?"

Hilo ndilo swali la jimbo zima. Tuna mapadre themanini na wawili. Themanini na wawili, hata mmoja hakufaa, mpaka Roma wakatafute mtu ambaye akishushwa stendi hapa atauliza njia ya kwenda kanisani kwake mwenyewe. Padre wetu akatuambia tusimame tumshukuru Mungu kwa zawadi ya mchungaji. Tulisimama. Walioshukuru nadhani hawazidi watatu.

Baadaye picha zikafika. Huyo mtu ni mrefu, Sista, mrefu wa kuinama milangoni. Watu wamekwisha kumbatiza Mlingoti. Na hapo ndipo shida yangu inapokuwa kubwa kuliko ya wengine.

Unakikumbuka kile kiti cha Askofu pale kando ya altare, ambacho hakikaliwi na mtu mwingine yeyote. Tangu mzee astaafu kilikuwa kitupu, Padre wetu anakaa kwenye kiti cha kawaida pembeni. Mwezi wa kumi na moja akaniambia wadudu wamekula miguu ya nyuma, nikichukue nikitibu. Nikakitibu. Lakini fundi hawezi kushika kiti bila kumfikiria atakayekikalia. Nimemtengenezea Padre kitanda cha seminari, meza ya kusomea na kigoda cha kupigia magoti. Kutoka kisigino chake mpaka nyuma ya goti napajua kuliko daktari wake. Askofu mzee alikuwa pandikizi la mtu. Padre wetu angekaa pale miguu ikining'inia kama mtoto anayenyolewa. Kwa hiyo nikakata inchi nne, miguu yote minne, nikashusha na mikono. Kazi safi, huoni palipoguswa. Vile vipande Mama alichemshia chai.

Sasa Mlingoti akikikalia, magoti yatamgonga kidevu mbele ya umati.

Tunaandika barua ya malalamiko kwa Balozi wa Papa. Nimekusanya saini mia tatu na sita. Nyumba yenu ina masista ishirini na mmoja, na saini ya mtawa ina uzito. Nakuambatishia karatasi. Usichelewe.

Kaka yako,
Fundi


Nyumba ya Watawa, 2 Februari

Kaka,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaitikia ukiwa umekunja uso, lakini itikia.

Kifua changu ni kizima. Sista Mkuu ndiye anakohoa, na akikohoa nyumba nzima inatembea kwa vidole. Kuku wamegoma kutaga. Mwambie wifi sweta nalifumua upya akilirudisha, asijitese kwa ajili ya utawa wangu. Mama mfunge goti kwa kitambaa cha joto, na ngazi apande mara moja kwa siku, si kila anaposikia mtu anapita.

Karatasi yako nimeipokea. Kati ya hao masista ishirini na mmoja uliowahesabu, mmoja haoni, wawili bado wanamuombea afya Papa aliyekwisha kufa, na waliobaki hawasaini. Mimi nimo kwa waliobaki.

Hujauliza kazi yangu, nakueleza. Bado niko chumba cha hosti, natengeneza mikate ya komunyo. Unga na maji, basi. Tunamimina kwenye chuma cha moto, inatoka karatasi kubwa nyeupe, tunailaza mahali penye unyevu ilainike, ndipo tunaikata duara. Ikikatwa kavu inapasuka. Ikikatwa na mtu mwenye hasira inapasuka pia, hilo nimeligundua mwenyewe. Wiki iliyopita limekuja agizo kutoka jimbo lenu, hosti elfu kumi na mbili kwa siku ya kumsimika Askofu mpya. Kwa hiyo huyo unayemwandikia malalamiko, mimi namwandalia. Nikikubeba na wewe kifuani nitaharibu unga wa watu.

Kuhusu kiti. Uliambiwa utibu wadudu. Nani alikuambia ukate?

Mwache Padre apumzike, Kaka. Usimpelekee wajumbe. Usimpelekee chochote.

Mdogo wako,
Sista


Karakana, 11 Februari

Sista,

Milele amina, na uso nimeukunja kweli.

Mama amefungwa kitambaa, amekifungua, anasema kinamfanya aonekane mgonjwa. Kijana wa kwenye msumeno amejikata kidole, kidogo tu, amerudi kazini. Wifi yako hatoi sweta, sasa anasema limelegea.

Unaniambia nisipeleke wajumbe wakati nimekwisha kuwapeleka. Tulikwenda wanne ofisi ya jimbo, mimi, mwenyekiti wa walei, mwalimu wa kwaya na yule muuza nyama wa mkabala na kanisa. Tulipanga sura za msibani. Tunafika mlangoni, tunasikia mtu anapiga mluzi. Tukafikiri ni mfagizi. Kumbe ni Msimamizi wa Jimbo mwenyewe, amekunja mikono ya kanzu, anapanga mafaili ya kumkabidhi mgeni.

"Karibuni. Mnataka nini?"

Mwenyekiti akasema, "Padre, tumekuja kutafuta haki."

"Ya nani?"

"Yako."

"Mimi sijanyang'anywa kitu."

Muuza nyama akaingilia. "Padre, usituonee aibu. Sisi tunajua umeonewa, na aliyekuchongea tutamtafuta."

Akacheka. Alicheka kabisa, na kinywa wazi. Kisha akanigeukia: "Kaka, rudisha kiti." Hakuna chai, hakuna kiti cha kukaa, hakuna asante kwa saini mia tatu na sita, ambazo sasa ni mia tano na kumi.

Wakati wa kutoka nikaona jambo lingine. Mwezi wa kumi nilimpelekea pale ofisini dawati la mfano, la shule za jimbo. Shule arobaini na moja, watoto wanaandikia magotini. Nani mwenye mashine kama zangu katika mji huu? Nililipiga vanishi mara tatu nikaliweka mbele ya mlango wake ili kila anayeingia alione. Sista, lile dawati limesukumwa mwisho wa korido, limegeuziwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Sikusema kitu mbele za watu. Limenikaa rohoni.

Nikarudi nyumbani nikamweleza Mama alivyocheka. Mama akasema, "Ndiyo, tangu arudi kwa Sista amechangamka."

Nikamuuliza, kwa Sista lini? Akasema mwezi wa kumi na moja. Mimi mwezi wa kumi na moja aliniaga kwamba anasafiri kung'oa jino. Nilimpa hata shuka la kujifunika kwenye basi. Na juzi nimemtazama akicheka: meno yote yapo, juu na chini, hakuna pengo.

Nakuuliza mambo manne, nijibu yote. Mko wazima? Kuku wameanza kutaga? Hosti zimefika ngapi? Na Padre alikuja kwenu kufanya nini?

Fundi


Nyumba ya Watawa, 18 Februari

Kaka,

Tu wazima. Kuku wameanza, mayai matano kwa siku, Sista Mkuu amepona kwa furaha. Hosti zimefika elfu nne.

Kesho ni Jumatano ya Majivu. Katika Kwaresima hatuandiki wala hatupokei barua, unajua, na kama ulikuwa umesahau sasa umekumbuka. Tutaonana kwenye karatasi baada ya Pasaka.

Funga vizuri, hata kama ni kufunga mdomo tu.

Sista


Karakana, 20 Machi

Sista,

Najua barua hii italala kwenye droo ya Sista Mkuu mpaka Pasaka. Ilale. Nisipoiandika leo nitavunja kitu cha mteja.

Nilikuuliza manne, ukanijibu matatu. Wewe ulikuwa karani wangu miaka sita, unadhani sioni mstari ulioachwa wazi?

Mama mzima. Wengine wote wazima. Basi.

Kamati ya maandalizi walikuja kuchukua kiti. Nikawaambia vanishi haijakauka. Wakaja tena, nikawaambia nimeongeza nyingine. Mara ya tatu hawakuja wao. Alikuja Padre, peke yake, kwa miguu, viatu vyeupe kwa vumbi. Mafundi walikuwa wamekwenda kula.

"Kiti kiko wapi?"

"Hakijakauka."

"Vanishi inakauka siku moja."

"Padre amejulia wapi mambo ya vanishi?"

"Hapa hapa. Nikifagia maranda, wewe ukinipigia kelele."

Akaenda moja kwa moja kwenye turubai, akafunua. Akakitazama. Hakukikalia, hata mkono hakukiwekea. Akasogea tu karibu, akasimama ubavuni mwake, na mimi nikaona macho yake yakishuka kutoka kwenye kiti mpaka kwenye goti lake mwenyewe. Huyo amekulia kwenye mbao, haambiwi kitu.

"Umenikatia mimi."

"Nilikuwa namkatia nani mwingine?"

"Hujamuuliza mtu."

"Kwani kulikuwa na la kuuliza? Jimbo zima lilijua."

Akavuta turubai akakifunika, taratibu, kama anamfunika mtu. Nami nikaona niseme sasa au nisiseme kabisa. "Meno yako mbona yote yapo?"

Mdomo ukafungwa kama sanduku.

"Hukwenda kung'oa jino. Ulikwenda kwa Sista kujificha ufikirie. Walikuuliza, Padre. Walikutaka wewe, na wewe ukakataa."

"Sina la kukuambia."

"Basi sema, 'Hawakuniuliza.' Neno moja tu."

"Kaka, mambo hayo mtu hayasemi, awe ameulizwa au hakuulizwa. Si leo, si siku ya kufa."

"Hata kwangu?"

"Hata kwa Mama."

Sista, mtu aliyeachwa ana uchungu. Mtu aliyeonewa anakuwa na neno hata moja la kulalamika. Huyu anapiga mluzi na kupanga mafaili. Mimi naishi kwa hesabu, nimehesabu na hii, jibu ni moja tu.

Nikamuuliza kwa nini. Akauliza na yeye: "Lile dawati la mfano. Mbao za madawati mangapi umeshapasua?"

Sina sababu ya kudanganya. Nikamwambia mia sita.

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna. Nilijua zitatakiwa."

"Ulijua." Akakaa juu ya mbao, akashika kichwa. "Sisemi habari zangu. Nasema habari za padre yeyote mwenye kaka mwenye mikono kama yako na kichwa kama chako. Siku anakuwa Askofu, kila asubuhi ataamka achague. Akikupa kazi, jimbo lote litasema jimbo ni la familia. Akikunyima, wewe utasema amekusahau. Na atakayekunyima ni yule uliyemlea."

"Na kazi yangu ikiwa bora kuliko ya wote?"

"Hapo ndipo pabaya zaidi."

Nilimfukuza. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, maana droo ya Sista Mkuu itaungua. Mimi niliyeacha shule darasa la sita ili yeye asome. Mimi niliyelala kwenye mbao ili yeye alale kwenye kitanda cha seminari, na kitanda chenyewe nikakitengeneza mimi. Ananiona mimi ni donda. Mimi ndiyo sababu. Nimewatukana Roma, nimemtukana Balozi, nimemtukana mtu mrefu wa watu ambaye sijawahi hata kumpa mkono, nimezunguka vigango na karatasi ya saini kama kichaa, na muda wote huo yeye ananitazama tu.

Nimempa sharti mlangoni. Aje aniambie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alikataa na alikataa kwa ajili yangu. Akisema, kiti anakipata siku hiyo hiyo. Asiposema, hakitoki karakana yangu, Mlingoti asimikwe kwenye benchi. Na watu watasema Msimamizi amekificha kwa wivu. Najua watasema hivyo. Ndivyo ninavyotaka.

Fundi


Nyumba ya Watawa, Jumatatu ya Pasaka, 7 Aprili

Kaka,

Kristo amefufuka. Mpe Mama salamu za Pasaka kabla ya kusoma yanayofuata, usije ukamsalimu kwa sauti mbaya.

Nimesoma barua yako mara mbili. Nakujibu swali la nne, lote ninalolijua, na usiniulize tena.

Alikuja mwezi wa kumi na moja, alilala siku mbili. Hakuniambia kitu. Alipiga magoti sana kanisani, na muda uliobaki alikuja chumba cha hosti akasema nimpe kazi. Nikampa kikatio. Tulikata kimya. Halafu akasema: "Kaka amepeleka dawati ofisini." Nikasema, dawati zuri? Akasema, "Zuri sana. Sijawahi kuona dawati zuri namna ile." Akaendelea kukata. Halafu akaniuliza: "Kaka akikuletea kitu, umewahi kuweza kumkatalia?"

Nikamwambia mara moja, nilipokuja huku.

"Ikawaje?"

Nikamwambia miaka minne hakunisemesha.

Akatikisa kichwa. Alikuwa ameharibu trei nzima, zote zimepasuka, tukawapa kuku. Asubuhi akaondoka. Sijui zaidi, na sitaki kujua zaidi.

Sasa zamu yangu, maana na mimi nina hasira na nilizifunga Kwaresima nzima. Siku ya nadhiri zangu walikuja wazazi na ndugu wa kila msichana. Kwangu alikuja Mama peke yake, kabeba zawadi mbili, akidanganya kwamba moja ni yako. Ulimwambia nini yeye? Kwamba Kanisa limekuibia karani. Sikuwa karani, Kaka. Nilikuwa dada yako niliyeshika daftari kwa sababu hukuwa na wa kukushikia.

Umetupa kila kitu, hakuna anayebisha. Shule, viatu, kitanda, jina mjini. Lakini kila ulichotupa kina kamba, na ncha ya kamba iko mkononi mwako, na wewe unavuta kidogo tu, kila siku, uone kama bado tumo. Mimi nilikata nikaja huku. Yeye hakukata. Yeye alibaki hapo hapo ulipo, akaacha kitu ambacho watu wengine wanakiota usiku, na akanyamaza ili usijue ni kwa ajili yako. Umekipekua mwenyewe. Sasa unataka akuombe radhi.

Sharti lako hatalitimiza. Unamjua. Atanyamaza, wataita wivu, ataibeba hiyo aibu mpaka uzeeni. Kama ndicho unachotaka, kiti unacho.

Hosti elfu kumi na mbili zimeondoka kwa gari la jana. Hata moja haijapasuka.

Sista


Karakana, 29 Aprili

Sista,

Mama mzima, amekula Pasaka kama msichana. Wifi yako anakusalimu.

Barua yako niliitupa kwenye maranda. Kijana wa msumeno akaiokota akaniletea, akidhani ni hati ya mbao. Nikaitupa tena. Mara ya tatu niliiokota mwenyewe. Umeandika vibaya sana, na kuhusu zawadi ya nadhiri zako sikujua. Mama hakuniambia. Mengine siyajibu.

Nikueleze yaliyotokea, uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu.

Hakuja. Hakutuma mtu. Kamati ilipomuuliza mbele ya maparoko wote kiti kiko wapi, alisema, "Kimechelewa kwa uzembe wangu." Basi. Nimeambiwa na muuza nyama, aliyekuja hapa mbio na habari, anahema kwa raha.

"Kumbe kweli," akasema. "Kumbe kweli anaona wivu. Amekificha ili mwenzake aaibike. Padre mzima."

"Nani kakuambia?"

"Si kila mtu anasema? Na tulivyomtetea, Fundi. Mtu mdogo kumbe."

Sista, ndicho hasa nilichokitaka, nimekuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipokisikia kwenye mdomo wa muuza nyama nikashika ubao. Sikumpiga. Nilimwambia atoke, na saini yake nikaitafuta kwenye zile karatasi, nikaikata kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Kisha nikaona ujinga, nikachana karatasi zote. Mimi naweza kumwita ndugu yangu chochote. Nimemlea. Muuza nyama amemlea nani?

Siku hiyo hiyo nikaondoa turubai. Kuunga miguu sikutaka, kiungo kingeonekana, na kazi yangu haionekani viungo. Nikang'oa minne yote nikachonga mipya. Kipimo cha Mlingoti sikuwa nacho na kuomba nisingeomba. Lakini kuna ile picha yake amesimama mlangoni. Mlango wa kawaida ni futi sita na inchi nane. Nikachukua rula, nikapiga hesabu kwenye picha, nikapata urefu wake, kutoka hapo nikapata goti. Mikono ya kiti nikaipandisha, sehemu ya kukalia nikaipanua. Sasa kiko juu kuliko hata enzi za mzee. Nikakipeleka mwenyewe kwa mkokoteni, nikakiweka mahali pake, nikaondoka kabla sijaonana na mtu wa kunishukuru.

Usidhani nimelainika. Siku ya kusimikwa nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili nikichoka nitoke. Watu hawakuwa na furaha. Wimbo wa shangwe waliuimba sauti mbili, wengine walifumba midomo. Akaja huyo Mlingoti, akainama kwenye mlango mkubwa ambao hauhitaji kuinama, mazoea tu. Akapakwa mafuta, akavishwa kofia, akazidi kuwa mrefu. Kisha wakampeleka kwenye kiti. Nilisimama juu ya benchi kama mtoto, nione. Akakaa. Nyayo zote mbili zikalala sakafuni, mgongo ukanyooka, mikono ikapata mahali. Hakujisogeza hata mara moja. Mtu akikaa kwenye kiti bila kujisogeza, fundi anaweza kwenda nyumbani.

Lakini nikabaki, kwa sababu mapadre walianza kupita mmoja mmoja kumwahidi utii, na wa kwanza alikuwa wetu. Alipiga magoti, mfupi vile, mbele ya mtu mrefu vile, akatia viganja vyake ndani ya viganja vya mwenzake. Nilitaka kuona uso wa mtu anayejuta. Aliposimama akageuka kurudi mahali pake, nikauona. Sista, alikuwa na uso ule aliokuwa nao siku nilipomwambia aache kufagia, aende zake shule. Hilo liliniudhi kuliko yote. Angejuta kidogo tu ningepata pa kuanzia.

Nje kulikuwa na msongamano, kila mtu anatafuta Askofu wa kupiga naye picha. Mama amekwisha kusogezwa mbele, hajali tena ni Askofu wa nani. Nikawa nakata kona nyuma ya sakristia. Akanikuta pale, bado ana mavazi ya misa, jasho linamtoka.

"Asante kwa kiti," akasema.

"Sikukutengenezea wewe."

"Najua, Kaka. Hicho ndicho ninachokushukuru."

Nikamwambia aende, Askofu wake anamngoja. Hakwenda. Nikamwambia mimi bado nina hasira, na zitakaa, sijui mpaka lini. Akasema sawa. Nikamwambia asinijibu sawa kama anapokea maungamo. Tukasimama hapo hapo nyuma ya ukuta, watu wakishangilia upande wa pili, na hakuna aliyetangulia kuondoka.

Sijamsamehe. Ukimwandikia, mwambie hivyo, ila umwandikie kwa upole.

Kaka yako